Kenge Aliyepakwa Dhahabu

Fundi Phayom alizaliwa na kinyaa. Utotoni aligoma kula mchuzi wa samaki wa jirani kwa sababu alimwona akilamba kijiko na kukirudisha chunguni. Ukubwani kinyaa kile kilihama kutoka kwenye vyakula kikaingia kwa watu, na huko kikanenepa. Alikuwa mwanamke mchoraji wa kuta za mahekalu, juu na chini ya Mto Nan, na kila alikokwenda alikuta kamati ileile yenye vitambi vilevile, ikimwuliza kama jina la mfadhili haliwezi kuandikwa kubwa kidogo kuliko nyayo za Buddha. Aliandika, akalipwa, akaenda kunawa mikono mpaka viwiko.

Lakini kinyaa cha Khung Madan kilimkaa kooni kuliko vyote. Khung Madan ndiko kwao, na aliyetendwa pale ni mdogo wake wa tumbo moja, Thawin.

Mambo yalianzia kwenye mashindano ya mitumbwi. Pale mtoni kila hekalu lina mtumbwi wake, gogo moja refu linalobeba wapiga makafi hamsini na zaidi, na omoni, mbele kabisa, hukaa Bibi wa mtumbwi, roho anayevishwa vitambaa na maua kabla ya kushushwa majini. Thawin alikaa tezi, nyuma kabisa, na kafi kubwa la kuelekeza. Kiti hicho hakipewi mtu wa mchezo. Mwaka uliopita walifika fainali, wakawa mbele, bendera ya mwisho inaonekana, mara mtumbwi ukalalia kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta. Wakapitwa, na watu wazima wakalia ukingoni.

Phayom alikuwapo siku hiyo, na aliona. Katikati ya mtumbwi, upande wa kushoto, makafi matatu yaliinuka juu na hayakurudi majini. Walioyashika walikuwa vijana wa kukodi, walioletwa dakika za mwisho na Prasoet, mkuu wa kata na mwenyekiti wa kamati ya mtumbwi, kwa maelezo kwamba wenyeji wamechoka. Jioni hiyohiyo Prasoet alionekana akinywa bia kwa barafu na wakubwa wa hekalu lililoshinda, wakilishana mishikaki ya nguruwe.

Si Phayom peke yake aliyeona. Ukingo mzima uliona, maana mto ni mto tu, si bahari. Lakini kumwona mkuu wa kata ni kazi yenye gharama, kumwona Thawin ni bure. Mtumbwi umepinda, mwenye kuelekeza ni nani? Kabla giza halijaingia ilikuwa imeshapita nyumba kwa nyumba kwamba Thawin kauza mbio. Wale wale waliokuwa wakimpa mkono asubuhi waligeuza shingo jioni, na Phayom alipowatazama alitamani kutapika.

Thawin alivuliwa kiti chake cha tezi. Harusi yake na mchumba wake, Nit, ikasogezwa mbele. Mama yake Nit, Shangazi Ubon, muuza tiketi za bahati nasibu pale langoni pa hekalu, alisema tu kwamba mambo yatulie kwanza. Jambo la ajabu ni kwamba Ubon hakumnunia kijana. Alimwekea kiti, akammiminia maji ya baridi, akamwuliza kwa upole kama hafikirii kununua shamba, maana bei zinapanda. Phayom alidhani ni kejeli. Alimchukia mwanamke yule kwa kejeli ile, na kumbe hakuwa hata ameanza kumjua.

Thawin mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Dada yake alipomwambia asimame kwenye mkutano aseme alichokiona, alijibu kwamba maji yaliyomwagika hayazoleki. Aliendelea kufunga nyavu za mabwawa ya samaki na kurudi nyumbani. Phayom aliona huo ni unyonge, lakini damu ni nzito kuliko maji, akaapa kwamba kabla ya mashindano yajayo mdogo wake atarudi tezi na jina lake litasafishwa, hata kama ni kwa brashi.

Nafasi ikajileta yenyewe. Hekalu lilikuwa limejenga ukumbi mpya wa mahubiri, na mtawa mkuu akamwita Phayom achore kuta. Juu zikae hadithi takatifu, kila jambo mahali pake. Chini, kwenye mkanda unaofika kiunoni mwa mtu, mchoraji ana ruhusa yake ya kale ya kuchekesha. Huko ndiko walevi huanguka, wanawake huvutana nywele, mbwa huiba nyama ya sadaka. Hakuna anayemshitaki mchoraji kwa mambo ya chini ya ukuta. Mtawa mkuu, mzee mpole mwenye mawazo ya paa linalovuja, alimwambia afanye apendavyo, asitie tu aibu watoto.

Phayom alitundika pazia la shuka kuukuu, akajifungia nalo kwa majuma, na nyuma ya pazia lile akachora mashindano ya mitumbwi ya wanyama.

Wapiga makafi walikuwa tumbili, wote wamevaa fulana za rangi ya hekalu. Ukingoni nguruwe alishika kipaza sauti, vyura walikaanga mipira ya nyama, kunguru walikuwa wakipokezana dau la kamari. Katikati ya mtumbwi, upande wa kushoto, tumbili watatu walikuwa wameinua makafi yao juu. Mmoja anajikuna, mmoja anapiga miayo, wa tatu anakonyeza. Na jukwaani, kwenye kiti cha heshima, alikaa kenge. Alikuwa kenge aliyenona, mwenye miwani myeusi, jino la dhahabu, hirizi saba shingoni na mkanda uliokaa chini ya tumbo, akipokea noti kutoka kwa paka wa hekalu la pili, lile lililoshinda, na kuzikalia mkiani. Mtu asiyemtambua Prasoet hapo basi alikuwa hajapata kumwona Prasoet.

Kwao hakuna tusi linalozidi kenge. Mtoto akilitaja neno hilo mbele ya bibi yake hupigwa kofi, na wanaume wazima wamechomana visu kwa ajili yake. Phayom alijua analofanya. Alimpaka kenge yule magamba moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayepaka sumu.

Ugumu ulikuwa mnyama wa Thawin. Farasi ni wa wafalme, tembo ni wa hadithi za juu ya ukuta, simba ni majivuno. Mwisho alimchora nyati wa kulimia, ameketi tezi, mishipa ya shingo imesimama, kafi limepinda kwa nguvu zake, macho mbele kwenye bendera. Alijua vilevile kwamba nyati nalo ni tusi. Ukimwita mtu nyati umemwambia kwamba ana shingo ya kuvutia mzigo lakini hana akili ya kuuliza mzigo ni wa nani. Alisita siku nzima. Kisha akajiambia kwamba picha ina kauli yake: kila mnyama mle amefumbata kitu, noti au dau au mfupa, isipokuwa nyati, ambaye kwato zake ziko juu ya kafi tu. Mwenye macho ataona. Hapo ndipo alipokosea, kuwawekea watu wake matumaini ya macho.

Pazia lilitolewa siku watawa walipoanza makazi yao ya miezi ya mvua. Ukumbi ulijaa, watu wamebeba mishumaa na sinia za wali. Kwanza watu walisogea kutazama, na Phayom akasimama kando na ndoo zake. Kisha mwanamke mmoja akacheka puani. Akafuata wa pili. Mara ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakasukumana kutafuta nani ni nani, muuza nyama akijinadi kwamba chura wa pili ndiye yeye, tena kapendeza.

Prasoet akaingia, na watu wakampisha. Phayom alijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Alilitamani kofi lile, maana lingekuwa ushahidi. Wanasema kenge hasikii mpaka aone damu masikioni. Huyu alisikia mapema. Aliinama mbele ya ukuta, akavua miwani, akamtazama kenge tangu jino mpaka mkia, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Fundi," akasema akijifuta machozi, "tumbo umenipunguzia. Hirizi ziko sawasawa, zote saba. Nani ana simu nzuri hapa? Nipigeni picha na mwenzangu."

Wakampiga. Aliketi sakafuni bega kwa bega na kenge, akaonyesha jino lake la dhahabu karibu na lile la rangi. Alitaka Phayom naye aingie pichani. Mkono wa mtu yule ulipomgusa begani, mwanamke alihisi kama konokono kapita, na picha hiyo ipo mpaka leo, yeye akiwa amekunja uso, mkuu wa kata akimeremeta.

Hilo lingeweza kuishia pale, watu wakacheka wakasahau. Lakini siku chache baadaye kulikuwa na droo ya bahati nasibu, na Khung Madan hakuna mti unaodondosha tawi, ndama anayezaliwa na miguu mitano wala maiti inayofumbua jicho bila watu kuuliza ni namba gani. Shangazi Ubon, kwa jicho la biashara, alisimama mbele ya ukuta akahesabu: makafi matatu juu, hirizi saba. Thelathini na saba. Aliinunua mwenyewe, akawaambia wateja wake. Ikatoka.

Kuanzia hapo Phayom hakuwa na ukuta tena. Watu walikuja kwa malori kutoka mikoa ya jirani. Walipaka poda juu ya magamba ya kenge na kusugua kwa kidole gumba, wakitafuta tarakimu. Walimvisha shada za maua kwa misumari iliyopigiliwa kwenye anga aliyoichora kwa siku tatu. Wakamletea soda nyekundu, chupa zimefunguliwa na mirija imo, na mayai ya kuchemsha, sinia kwa sinia, maana kila mtu anajua kenge anapenda mayai. Kisha wakaanza kumbandika karatasi za dhahabu, zile nyembamba wanazobandikiwa Buddha na watawa wakuu waliokufa. Ubon akaongeza meza ya kuziuza langoni, karibu na tiketi.

Joto la mchana likapiga mayai. Phayom aliyasikia harufu akiwa bado uwanjani, kabla ya kuvua viatu. Sisimizi walipanda ukutani kwa mstari mpaka kwenye soda zilizochacha, nzi walitua kwenye jino la dhahabu, na mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mchanga akimwelekeza viganja vyake amsujudie kenge. Dhahabu ilikuwa imeshafunika mkia. Zile noti alizozikalia, ambazo Phayom alizichora kwa makusudi zionekane kutoka mlangoni, hazikuonekana tena. Aliyeuza mbio sasa alikuwa anang'aa, mikono mitupu, ametulia. Phayom alitoka nje akatema mate kwenye mchanga, akatema tena, na mate yakawa hayaishi.

Alikwenda kwa mtawa mkuu, akapiga magoti, akamweleza kwamba watu wanamwabudu mnyama wa matusi ndani ya nyumba ya Buddha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akakiri kwamba si vizuri. Akasema pia kwamba sanduku la sadaka lilikuwa halijapata kujaa namna ile, kwamba nusu ya paa imeshaezekwa, na kwamba mtu anayekuja kwa tamaa huenda siku moja akasikia mahubiri kwa bahati mbaya. Kisha akamwuliza, akiangalia pembeni kwa haya, kama asingependa kuchora na ukuta wa upande wa pili. Watu walikuwa wamependekeza mpira wa miguu.

Phayom hakukata tamaa. Alikuwa amebakiwa na siku moja ya kuiwekea matumaini, siku ya kumshusha Bibi wa mtumbwi majini kwa mazoezi. Hapo ndipo kamati hutangaza nani atakaa wapi. Kenge kala mayai yake na ale, alisema moyoni, lakini wote wamekwishaona kafi la nani lilikuwa majini. Watamrudisha mdogo wangu tezi.

Siku hiyo kulipikwa, kukanywewa tangu saa tatu asubuhi. Thawin alikuja kusaidia kama kawaida yake, akawa anabeba viti vya plastiki kutoka ukumbini kwenda ukingoni. Prasoet alipanda jukwaani na kipaza sauti, uso umewiva kwa bia, shati wazi, hirizi zote saba nje. Watu walimshangilia kwa jina la kenge, naye akanyoosha mikono kupokea. Ndipo akaanza kusimulia, bila kuulizwa na bila aibu, jinsi mwaka jana wale wa hekalu la pili walivyomjia, jinsi alivyowapandishia bei, jinsi vijana watatu walivyofundishwa kuinua makafi. Alisimulia vizuri. Watu walishika mbavu. Phayom alisimama katikati ya kicheko hicho, ukweli wote aliouchora ukiwa unamwagwa hadharani na mwenyewe mwenye dhambi, na hakuna aliyekasirika.

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti Thawin naye alipata kiasi gani.

"Thawin?" Prasoet akakishusha kipaza sauti, akakipandisha tena. "Thawin hakupata hata soda. Apewe kwa kazi gani? Sisi tunaachia, yeye anavuta. Niko jukwaani naiona ile shingo inataka kukatika, nikasema, jamani, hakuna wa kumwambia huyu mtu kwamba tumeshauza? Ninyi si mmeona Fundi alivyomchora? Dada mtu, tumbo moja, kamchora nyati."

Ukingo ulilipuka. Watu waligeuka kumtafuta Thawin, wakamwona na viti vyake vinne mkononi, na mzigo ule ulizidisha kicheko. Thawin naye alicheka. Alicheka kwa mdomo, akaviweka viti chini, akavipanga, akarudi kuchukua vingine. Kiti cha tezi akapewa mpwa wa mkuu wa kata.

Kuanzia siku hiyo jina lake lilikuwa Nyati. Watoto walimlilia kwa sauti ya ng'ombe akipita. Mwenye mabwawa ya samaki, ambaye mwaka mzima alikuwa akimlipa kwa wakati kwa sababu hutaki ugomvi na mwizi, alianza kumwambia aje kesho. Wauza nyama walimpimia mifupa. Phayom aliyaona yote hayo na bado alijipa moyo kwamba upande wa Nit mambo yatakuwa mepesi sasa, maana kijana kasafishwa mbele ya kata nzima na mwenye hatia mwenyewe. Alijitanda kitambaa kizuri, akachukua matunda, akaenda kwa Shangazi Ubon kuulizia siku ya harusi.

Ubon alikuwa kibarazani akikata karatasi za dhahabu. Hakumwekea kiti. Aliyapokea matunda, akayabonyeza kuona kama yameiva, akasema kwa masikitiko ya kweli kabisa kwamba harusi haipo.

"Mwaka mzima nilimhesabu kijana mwenye akiba," akasema. "Nikawa najiambia, mpole, kimya, hajionyeshi, pesa kaifukia mahali anangoja watu wasahau. Nikamheshimu. Kumbe alikuwa kimya kwa sababu hana kitu."

"Shangazi, mtumbwi mzima ulinunuliwa. Yeye ndiye peke yake aliyekataa."

"Hakukataa, mwanangu. Hakuulizwa. Hata wezi walimwona si wa kuulizwa." Aliikunja karatasi ya dhahabu kwa ncha za kucha, isichanike. "Mimi mjane. Nina binti mmoja. Nimpe mtu ambaye dunia nzima inauza naye anavuta? Watakula nini, shingo?"

Phayom aliondoka bila kuaga. Njiani alikuwa akisema peke yake, akiwatukana mmoja mmoja, mkuu wa kata na mama mkwe na mtawa wa paa na wale wa malori, na kila alipowamaliza alirudi kwa mtu aliyechukua brashi akampaka mdogo wake pembe. Huyo ndiye aliyemtia kinyaa kuliko wote, na hakuwa na pa kumkimbilia.

Kesho yake mchana, watawa walipokwisha kula chakula chao cha mwisho cha siku na kwenda kulala, ukumbi ulikuwa mtupu. Alikuja na ndoo ya maji ya moto na sifongo. Rangi zake ni za unga na gundi. Maji ya moto yanazitoa zote, na hivyo ndivyo alivyokusudia, atoe mto, tumbili, kenge na dhahabu yake, nyati na shingo yake, ukuta ubaki mweupe. Alikuwa amekwishasukuma sinia za mayai kando kwa mguu, akiwa ameziba pua kwa kitambaa, aliposikia mtu anavua ndala mlangoni.

Alikuwa Thawin. Aliitazama ndoo, akamtazama dada yake.

"Usifute," akasema.

"Nafuta. Nilichora mimi."

"Ukifuta leo, kesho watasema ni mimi niliyekutuma. Namba zao zimo humo. Watanipiga, dada, tena kwa haki yao." Alikaa sakafuni, mgongo kwenye nguzo. Alikuwa amekonda. "Mimi nimekuja nina ombi."

Phayom aliweka sifongo chini. Mdogo wake hakuwa na desturi ya kuomba. Hata utotoni alikuwa mtu wa kungoja apewe. Akamwambia aseme.

Thawin alinyoosha kidole kwenye kwato za nyati. "Weka kitu pale."

"Kitu gani?"

"Noti. Chini ya kwato, kama walivyo nazo wenzake."

Kinyaa kilimpanda Phayom kutoka tumboni kama kawaida yake, kikafika mdomoni, na akatafuta wa kumtemea. Prasoet hakuwapo, Ubon hakuwapo. Aliyekuwapo ni mtoto aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani.

"Hukupokea," akasema. "Hukupokea hata senti."

"Mimi najua. Wewe unajua. Sasa kata nzima inajua, ndiyo shida." Hakuinua sauti. "Mwaka jana waliniita mwizi, lakini njiani walinipisha. Bosi alinilipa. Mama yake Nit alinimiminia maji. Nilikuwa naweza kuishi pale. Ukaja wewe ukaniosha. Hukuniuliza, dada. Umeniosha, ukaniacha uchi ukutani."

"Nilitaka waone kwamba wewe ni msafi."

"Wameona."

Nje mbwa wa hekalu alibweka mara moja akanyamaza. Phayom alisema kwamba Nit angeweza kumchukua hivyo hivyo, kama anampenda. Thawin akajibu kwamba Nit amekwishasema anampenda, na amekwishalia, na mwezi ujao anapelekwa kwa shangazi yake mjini kutafutiwa mtu. Mwizi ataoa, akasema, nyati atapewa jembe. Akinamama watapita hapa kesho kutafuta namba, wataona noti ambayo hawakuiona, mmoja atamwambia mwenzake, na Ubon atafika kabla ya saa nne. Yeye Thawin hatahitaji kusema neno lolote. Kusema hakumo katika kazi yake.

Alikuwa ameifikiria vizuri, kila hatua, na hilo ndilo lililomwumiza dada yake. Mtu huyu waliyemwita hana akili alikuwa amewasoma wote kuliko yeye mwenye macho ya kuchora. Alitaka kumkatalia. Alitaka kumwambia kwamba ndani ya kata hii yote kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kilikuwa hakijamchefua, na kitu chenyewe ni kwato zile tupu. Lakini maneno hayo yalikuwa mazuri kwake yeye, si kwa Thawin, na alikuwa amekwishamfanyia mazuri ya kumtosha.

Akafungua kisanduku chake cha rangi. Akachanganya kijani na nyeupe kidogo na kijivu, rangi ya noti zile alizompa kenge, ambazo sasa zimezikwa chini ya dhahabu. Alipiga magoti kati ya soda na mayai. Brashi ilikwenda kwa ustadi uleule, na hata hilo lilimchukiza. Akachora noti moja, imekunjwa, inachungulia chini ya kwato la kulia, na kivuli chake.

Thawin alisogea kwa magoti akaitazama kwa karibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama picha ile bila kuinamisha kichwa.

"Ongeza, dada," akasema. "Hiyo moja watasema niliuzwa rahisi."

Akaongeza.